Mama Kipaza na Maji ya Mtaa wa Chini

Mji mzima ulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa afisa habari wa halmashauri, lakini cheo hicho kilikaa kwenye karatasi tu. Mitaani aliitwa Mama Kipaza, kwa ajili ya kile kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari jeupe la ofisi, gari ambalo mlango wake mmoja ulishikizwa kwa waya. Maji yakikatika, ni yeye aliyepita kusema. Barabara ikifungwa, mbwa mwenye kichaa akionekana sokoni, mtoto wa watu akipotea na kuokotwa amelala nyuma ya duka la simenti, watu waliinua vichwa na kuambiana, "Hebu nyamazeni tumsikie Mama Kipaza." Siku moja alitangaza habari za fahali aliyeingia uwanja wa hospitali na kugoma kutoka. Hata hajamaliza sentensi, mwenye fahali akawa amefika mbio, jasho linamtiririka, akimsihi asije akataja jina lake.

Watu walimpenda. Au tuseme walimpenda mpaka mvua za mwaka juzi.

Mwaka juzi aliletewa taarifa kwamba mto utafurika. Akapita Mtaa wa Chini, ule uliojibana kati ya barabara kuu na mto, akawaambia watu watoke. Wakatoka, na watoto na magodoro, wakaenda kulala kwenye madarasa ya shule. Maji hayakuja. Mvua ilihamia upande wa pili wa milima, kama mgeni aliyeghairi safari njiani. Waliokuja ni wezi. Waliingia nyumba hii wakatokea ile, kwa raha zao, wanachagua kama watu waliokwenda dukani na orodha ya mke.

Nyumba iliyoumia kuliko zote ilikuwa ya kaka yake wa kuzaliwa. Kaka alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa hapo hapo ubavuni mwa nyumba. Wezi walimbebea randa, misumeno, patasi na keekee, zana ambazo nyingi aliachiwa na marehemu baba yao. Kaka hakugomba. Hakuwa mtu wa kelele. Alianza upya kwa zana za kuazima, na dada yake alipokuja kumtazama alimwitikia salamu, akauliza kama watoto hawajambo, basi. Mazungumzo yao, ambayo zamani yaliweza kuanza asubuhi yakaukuta mchana, yalifupika kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto.

Aliyebaki kuwa daraja kati yao ni wifi yake, msusi, mwanamke ambaye mikono yake na mdomo wake vilifanya kazi kwa mwendo mmoja.

"Mvumilie tu, wifi," alikuwa akimwambia. "Mume wangu akikasirika hapigi kelele, anatengeneza meza. Nyumba imejaa meza, hatuna viti. Tukipata wageni tutawakalisha juu ya hasira zake."

Mama Kipaza alicheka, akaenda zake.

Sasa, mwaka huu mvua zilianza mapema na kunyesha kama zilizotumwa. Asubuhi moja simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mwangalizi wa bwawa, kule juu milimani.

"Limejaa mpaka mdomoni," alisema. "Tusipofungua milango, ukuta hautahimili. Tunafungua sasa hivi. Maji yatakufikieni leo, jioni jioni hivi. Saa yenyewe siwezi kukuapia."

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Huyu alikuwa mzee wa karibu kustaafu, mpole, aliyekuwa amebeba lawama zote za mwaka juzi bila kumsukumia mtu. Alisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi.

"Andika hivi," akasema taratibu. "Wakazi wa maeneo ya mabondeni wanashauriwa kuchukua tahadhari."

"Mzee wangu, tahadhari wataichukua wapi? Haiuzwi sokoni. Tunawaambia watoke, au tunawaambia wakae?"

Mzee alitazama dirishani. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, mama. Nikiwatoa tena na maji yasije, sitakuwa na uso wa kupita mtaa ule."

"Na yakija wakiwa ndani?"

Mkurugenzi akavaa miwani yake. "Waambie watoke," akasema.

Gari liliendeshwa na mtu wa makamo aliyeitwa Polepole, kwa sababu hakuwahi kuonekana akiwa na haraka hata siku aliyokuwa akimpeleka mkewe kujifungua. Leo alikanyaga mafuta mpaka Mama Kipaza akashika dashibodi kwa mikono miwili. Waliingia Mtaa wa Chini, akawasha kipaza na kusoma alichokuwa amekiandika ofisini: kwamba halmashauri inawatangazia wakazi wote, kutokana na kuongezeka kwa kina cha maji, kuondoka katika makazi yao kabla ya jioni na kuelekea katika ukumbi wa shule ya sekondari.

Watu walitoka milangoni. Wakasikiliza. Hakuna aliyesogea.

Fundi viatu, aliyekuwa amekaa kibarazani na kiatu kimoja mapajani, akapaza sauti: "Mama Kipaza! Na wezi umeshawapa taarifa? Wasije wakachelewa, maskini!"

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Naye angecheka, kwa kuwa utani ulikuwa mzuri, lakini ulimchoma penyewe. Akasoma tangazo mara ya pili. Safari hii hata waliotoka milangoni walirudi ndani. Mama mmoja akaendelea kuanika nguo, ingawa mvua ilikuwa inanong'ona juu ya mabati.

"Turudi?" Polepole akauliza.

"Zima gari," akasema. Akashuka, akavuta pumzi, akapiga moyo konde, akaelekea kwa kaka yake.

Wifi alikuwa kibarazani, kichwa cha mteja kimenaswa katikati ya magoti yake, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka. Alimwangalia wifi yake, akaangalia mlango wa karakana, akatikisa kichwa. "Haya, ingia," akasema. "Wanasema damu nzito kuliko maji. Leo tupime."

Kaka alikuwa ameinama juu ya ubao, anaranda. Maranda yalianguka miguuni pake, meupe, yamejikunja. Hakuinua uso.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Kaka, tafadhali, tokeni. Maji yanakuja."

Randa iliteleza mpaka mwisho wa ubao. "Nimesikia. Unanisemesha kama halmashauri, au kama mdogo wangu?"

"Kama mdogo wako. Naogopa, kaka."

Hapo randa ikasimama. Kaka akajifuta mikono kwenye suruali na kumtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi.

"Kwamba maji yanakuja, nakuamini," akasema. "Hata ile mara ya kwanza nilikuamini. Nisingekuamini ningetoka? Unadhani hawa majirani wanakaidi kwa kuwa wanakuona mwongo? Fundi viatu pale ana cherehani ya ngozi, ndiyo inayomlisha. Mkewe ana watoto watatu. Maji yanaweza kuja, yanaweza yasije, lakini mwizi atakuja, huyo wanamjua. Umetuambia tutoke. Umetuambia tuelekee wapi. Hujatuambia nani atalinda vitu vyetu."

Mama Kipaza aliyapima maneno yale. Kweli, hakuna aliyewahi kuuliza jambo hilo, si ofisini, si kwenye mafunzo, wala yeye mwenyewe, ambaye kaka yake aliibiwa. Kwa mwaka na zaidi alikuwa akijibu kosa ambalo hakuna mtu aliyemshtaki nalo: kwamba alidanganya. Hakuna aliyesema alidanganya.

"Pole, kaka," akasema. "Pole kwa zana za baba. Nilijitetea sana mpaka nikasahau kukupa pole."

Kaka aliangalia chini, akasukuma maranda kwa ncha ya kiatu. "Zimekwenda," akasema. "Shughulikia la leo."

Mama Kipaza akapiga simu ofisini akiwa amesimama pale pale, katikati ya harufu ya mbao.

"Lori?" mkurugenzi aliuliza. "Lori lipi? Tulilonalo ni la taka."

"Lipigwe maji, lije. Hakuna atakayelinusa leo. Na nataka ghala la halmashauri lifunguliwe, watu waweke mali zao kwa kufuli. Na nataka askari wa halmashauri wasimame pale mtaa unapokutana na barabara kuu, mtu asishuke mpaka tutakaposema."

"Mama, askari wenyewe unawajua. Hawatoshi hata kulinda soko."

Kaka alikuwa anasikia, maana simu ile ilipiga kelele kuliko kipaza. "Mwambie wa mtaa watasimama nao," akasema. "Mimi wa kwanza."

Akamwambia.

"Ghala nalifungua mwenyewe," mkurugenzi akasema. "Mwenye funguo yuko safarini, lakini kufuli si mlima. Leta watu."

Alirudi kwenye gari. Karatasi aliikunja akaitia mfukoni. Akawasha kipaza, na sauti iliyotoka ilikuwa ile anayotumia nyumbani kwake anapoita watu mezani.

"Majirani, ni mimi tena. Bwawa limefunguliwa, maji yako njiani, yatafika jioni. Lori linakuja sasa hivi. Pakieni vitu vyenu, vinakwenda ghala la halmashauri, vinafungiwa. Kila nyumba iandike jina lake kwenye mzigo wake, kwa chaki, kwa mkaa, kwa chochote. Kona ya juu watasimama askari, na pamoja nao atasimama seremala wenu, na yeyote mwingine mnayemwamini. Fundi viatu, wewe na cherehani yako mnapanda safari ya kwanza."

Kisha fundi viatu akasimama, akaweka kiatu chini. "Kama ni safari ya kwanza," akasema, "basi mtu anishikie huku."

Ikawa kama mtu amekanyaga siafu. Milango yote ilifunguka kwa pamoja. Vitanda vilitoka vimesimama wima kama vinatembea vyenyewe, masufuria yakalia, kuku wakashikwa na kuponyoka na kushikwa tena. Mteja wa wifi alikimbia kuokoa godoro lake akiwa na kichwa kilichosukwa nusu. Wifi akamkimbilia kwa nyuma na kitana mkononi, akipiga kelele kwamba kazi haijaisha na asije akamtangaza hivyo mjini. Meza za kaka ziliingia kwenye lori moja baada ya nyingine mpaka Polepole akauliza kama seremala alikuwa anafungua bunge.

Mtu mmoja tu aligoma. Ni bibi mkunga mstaafu, aliyekuwa amewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, na ambaye kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpandishia sauti. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amejifunga kanga vizuri, vitu vyake vyote vimeshatolewa.

"Siondoki bila mlango," akasema.

"Mlango gani, bibi?" Mama Kipaza akachuchumaa mbele yake.

"Mlango wangu. Marehemu mume wangu alinitengenezea nilipoolewa. Mbao kama hizo siku hizi hakuna. Ukija ule mto, utauchukua. Mimi nimeshazeeka, nikichukuliwa si hasara kubwa. Mlango bado una miaka."

Mama Kipaza alitazama saa, akatazama mto, uliokuwa umeshabadilika rangi. Angeweza kuwaambia vijana wambebe mzimamzima. Badala yake akaita, "Kaka!"

Kaka alikuja na bisibisi. Hakuuliza swali. Alilegeza bawaba moja moja kwa utulivu, kama fundi aliyepewa kazi ya kawaida siku ya kawaida, akaupapasa ule ubao kwa kiganja na kusema, "Kazi nzuri hii, bibi." Bibi mkunga akaitikia, "Nakuambia mimi!" Mlango ukabebwa na watu wanne mpaka kwenye lori, na yeye akaufuata nyuma kwa hatua za heshima, kama anayesindikiza bwana harusi.

Kufikia alasiri Mtaa wa Chini ulikuwa mtupu. Watu walijaa ukumbini, na kazi ikawa moja: kungoja.

Kungoja ndiko kunakochosha. Watoto walilala, wakaamka, wakagombana. Mvua ilikatika kabisa, jua likachungulia, tena jua zuri la kutia hasira. Mama Kipaza alitembea kati ya mikeka akiuliza nani anahitaji dawa, nani hajafika. Mara simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Kuna mtu, hakuna aliyejua nani, alikuwa amesambaza ujumbe: milango ya bwawa imeshafungwa, hatari imekwisha, rudini nyumbani.

"Si nilisema!" mwanamume mmoja akanyanyuka. "Yale yale ya mwaka juzi!"

Watu wakaanza kukusanya watoto. Mama Kipaza akapanda juu ya kiti. "Ujumbe huo si wetu!" akasema. "Nipeni muda nimpigie mwangalizi wa bwawa, mbele yenu."

Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Wanaume kadhaa walikuwa wameshatoka nje. Mara ya tatu sauti ikapokea, imezungukwa na mngurumo mkubwa hata ilimbidi apige kelele.

"Yameachiwa tangu asubuhi! Milango haijafungwa! Yamesambaa kwanza mashambani huko, ndiyo maana yamechelewa!"

Aliwageuzia simu waliobaki, wakausikia ule mngurumo wenyewe. Mama aliyekuwa anafunga mtoto mgongoni akamfungua taratibu, akakaa chini. Lakini wale waliotoka hawakuwa wamesikia. Akavua viatu, akavishika mkononi, akawakimbilia.

Aliwakuta kona ya juu ya mtaa, kundi la watu kama ishirini hivi, wamesimama mbele ya askari wawili waliochoka. Mbele ya askari alisimama kaka yake, mikono ameikunja kifuani.

"Tupishe, fundi," mmoja alikuwa anasema. "Ujumbe umekuja. Hatari imekwisha."

"Umetoka kwa nani?"

"Uko kwenye simu."

"Wa kwenye simu simjui," kaka akasema. "Dada yangu namjua. Amesema maji yanakuja. Asipokuja mwenyewe hapa akasema vinginevyo, hashuki mtu."

Mama Kipaza alisimama nyuma ya lile kundi, viatu mkononi, kifua kinapanda na kushuka. Alitaka kuita, sauti ikagoma. Sauti ile iliyokuwa ikisikika mji mzima iligoma kwa neno moja tu, "dada yangu," lililosemwa na mtu ambaye hakujua kwamba yupo.

Aliyewaonyesha ni fundi viatu. "Tazameni mtaro," akasema.

Mtaro wa chini kabisa, ambao siku zote ulipeleka maji mtoni, ulikuwa unayarudisha. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kimyakimya, ya kahawia, yakipanda katikati ya mtaa kama mwenyeji anayerudi kwake, yakagusa ngazi, yakaingia kibaraza cha kwanza, kisha cha pili. Kabla giza halijaingia yalikuwa yamefika madirishani. Kwa chini kule ukuta ukaanguka, na baada yake mwingine. Yule mwanamume aliyetaka kupishwa alikaa kwenye ukingo wa barabara na kushika kichwa.

Mama Kipaza akasogea mpaka akasimama bega kwa bega na kaka yake.

"Umefika?" kaka akauliza, macho kwenye maji.

"Nimefika."

Wakabaki hivyo.

Maji yalikaa siku mbili, yakaondoka na kuacha tope la kufika magotini. Nyumba za safu ya mwisho zilikuwa zimelala kabisa. Karakana ya kaka ilipoteza ukuta wa nyuma, na meza yake kubwa ya kazi, ile isiyoweza kupita mlangoni, ilikuwa imevimba na kupasuka. Lakini watu wote walikuwepo. Walihesabiana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti, wakiitana kutoka kibaraza hadi kibaraza, na kila aliyeitwa aliitika. Na ghalani hakikupotea hata kijiko.

Asubuhi ile Mama Kipaza alipita na gari kwanza, akawaambia watu wachemshe maji ya kunywa, wasiguse nyaya zilizoanguka, na wenye watoto wanaoharisha wawapeleke zahanati bila kungoja. Kisha akamwambia Polepole amshushe. Akaomba koleo kwa jirani, akaingia karakana.

Kaka alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatazama ile meza ya kazi. Hakuwa analia, lakini hakuwa mbali.

"Ilikuwa imara," dada yake akasema.

"Nilidhani itanizika."

Hakumwambia kwamba atapata nyingine. Alianza kuchota tope. Baada ya muda kaka naye akainuka, akachukua koleo la pili, wakafanya kazi mgongo kwa mgongo. Hakukuwa na maneno mengi mwanzoni: shika hapa, sogea, angalia msumari. Kisha kaka akasema jambo juu ya Polepole na mwendo wake wa siku ile, dada akacheka, naye akaongeza la kwake juu ya mkurugenzi alivyovunja kufuli kwa nyundo huku amevaa tai. Wifi aliyekuwa anaosha masufuria nje akasikia sauti zao mbili zinapandana, hii haijamaliza ile imeanza. Akanyamaza, jambo ambalo kwake si la kila siku, asije akawakatiza.

Karibu na mchana kichwa cha mama mmoja kikachungulia kwenye tundu la ukuta.

"Mama Kipaza, gari la maji safi linakuja saa ngapi? Watoto wana kiu."

"Bado sijui," akamjibu, akiegemeza koleo. "Naenda kuuliza sasa hivi. Nikijua nakuja kuwaambia."

"Haya, tunakungoja," yule mama akasema, akaenda zake.

Kaka akampokea koleo. "Nenda," akamwambia. "Ukimaliza urudi ule chakula hapa."

"Chakula kipo?"

"Hicho muulize wifi yako," kaka akasema. "Mimi ninachojua, meza zipo."